Mama Povu na Tangazo Lililokataa Kuanuliwa

Enyi mliojaliwa masikio mawili nanyi mnatumia moja, leo yatumieni yote! Wekeni ndoo chini, punguzeni redio, na mwenye chungu jikoni apunguze moto, kwa maana habari hii si fupi na haivumilii mtu wa kuinuka inuka. Hii ndiyo habari ya Mama Povu, mshinda madoa, mkamua mashuka, mwenye mikono iliyochakaa kwa sabuni lakini haijapata kurudi nyuma mbele ya kola chafu. Na jinsi alivyoingia, ndoo mkononi, katika Vita Vikuu vya Kuchagua Mfumo wa Tovuti ya Mtaa, vita vilivyodumu miezi kumi na sita na vikao saba, akatoka humo mshindi kabla jua halijafika upande wa pili wa kamba zake za nguo.

Chanzo cha vita kilikuwa hiki. Mtaa ule ulikuwa na umoja wake, na umoja ule ulikuwa na ubao. Ulikuwa ubao mweusi, umepasuka pembeni, ukining'inia kwa misumari miwili nje ya duka la kinyozi. Kila asubuhi Katibu wa umoja, ambaye kazi yake ni fundi saa, aliandika hapo kwa chaki mambo ya siku: leo kuna mkutano, leo funguo zimeokotwa, leo hakuna maji. Na kila jioni, kabla ya kufunga duka lake la saa, aliufuta kwa kitambaa kilekile cha kijani, akakikung'uta mara tatu. Kwa muda wa miaka ishirini na mitatu ubao ule haukupata kumdanganya mtu.

Kisha akaja Mpangaji. Jina lake hakuna aliyelishika. Alipanga chumba cha uani, alijua kompyuta, na hilo lilitosha. Mpangaji akaujengea mtaa tovuti kwa mikono yake, tofali kwa tofali, pasi na mlango ambao mwingine angeweza kuingilia isipokuwa yeye. Watu wakashangilia, ubao ukateremshwa, ukawekwa chini ya kitanda cha mtu. Wiki ya tatu bomba kuu likapasuka barabarani. Mpangaji akapewa tangazo, akaliweka kwa herufi nyekundu kubwa kama vidole: LEO HAKUNA MAJI.

Asubuhi iliyofuata Mpangaji akapata kazi mji wa mbali. Akakunja godoro, akaaga kwa adabu, akaondoka na neno la siri kichwani mwake. Maji yalirudi jioni ileile. Simu ya Mpangaji haikupatikana tena. Na tangu siku hiyo, kila aliyeifungua tovuti, iwe Jumatatu iwe Ijumaa, mvua inanyesha au jua linawaka, alisalimiwa na maneno yaleyale mekundu: LEO HAKUNA MAJI.

Wenyeji walizoea, wakawa wanacheka. Aliyekuwa hacheki ni Mama Povu. Yeye anafua nguo za watu. Ana bomba lake uani, ana karai nne, ana kamba sita zilizovutwa toka ukutani hadi kwenye nguzo ya choo, na anaishi kwa kile kinachoning'inia juu yake. Mmoja mmoja, wateja wasiokaa mtaani walichungulia simu zao, wakaona hakuna maji, wakapeleka mafurushi kwingine. Akabakiwa na ngome moja kubwa: nyumba ya wageni iliyoko barabara kuu, mashuka ishirini na nne kila Jumanne.

Sasa basi, ilikuwa Jumanne, saa tatu asubuhi, Msimamizi wa nyumba ile alipoingia uani mikono mitupu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mashuka yangu yako wapi?"

Msimamizi alijikuna shingo. Bomba lilikuwa limefunguliwa kati yao, likimimina ndani ya karai kwa kelele zake zote.

"Mama, leo sikuja nayo. Bosi amekataa."

"Amekataa kwa nini? Hebu angalia hapa. Unaona nini?"

"Naona maji, mama."

"Basi?"

"Basi mimi nayaona. Ila tovuti ya mtaa wenu inasema leo hakuna. Na bosi wangu yuko mbali, anasoma tovuti. Hasomi bomba." Akashusha sauti. "Nimekutetea sana, mama. Amesema atatazama leo jioni kwa mara ya mwisho. Akikuta bado inasema hakuna maji, mashuka yanakwenda kwa wale wenye mashine, na hayarudi."

Mama Povu alilifunga bomba. Alilifunga polepole, hadi tone la mwisho, kama jemadari anayerudisha panga alani kwa sababu ameamua kuchukua kubwa zaidi. Kisha akajiandaa kwa vita. Akajifunga aproni ya plastiki, ngao yake ya kila siku, iliyopokea mapigo ya maji machafu yasiyohesabika. Akavaa ndala, ya kushoto ya bluu na ya kulia nyekundu, kwani vita havisubiri jozi. Akachukua ndoo. Ndoo haikuhitajika, ila mkono wake haukujua kutembea mtupu.

"Mwanangu," akamwambia Msimamizi, "nenda kakunje mashuka. Saa kumi ulete."

"Na tovuti?"

"Nakwenda kuifua."

Baraza la vita lilikaa katika duka la kinyozi, kwani kinyozi ndiye Mwenyekiti. Duka lile lina vioo kuta tatu, hivyo wajumbe watatu huonekana jeshi zima, na mtu akiinua kidole, vidole kumi na viwili huinuka pamoja naye. Mwenyekiti alikaa kwenye kiti kinachozunguka. Kulia kwake alikaa Katibu, mwenye kioo kidogo cha kukuzia kilichosahaulika jichoni. Kushoto alikaa Mkwe, yaani mume wa binti wa Mwenyekiti, bingwa wa kompyuta, na kompyuta yake mapajani. Kwenye kiti cha pili alikaa mteja aliyenyolewa ndevu upande mmoja tu. Upande wa pili povu lilikuwa limeanza kukauka, kwa sababu kikao cha saba kilifunguliwa wembe ukiwa njiani.

Mwenyekiti alipomwona aliyesimama mlangoni, akazungusha kiti na kunguruma:

"Simama hapo ulipo, ewe mama wa ndoo! Kikao hiki ni cha wajumbe. Humu yanapimwa mambo mazito, mambo ya mifumo!"

Mama Povu akaiweka ndoo chini.

"Mwenyekiti, kaka yangu, mimi si mjumbe, hilo najua. Lakini shati hilo ulilovaa, nani amelifua? Kola ya kaka Katibu, nani huitoa mafuta ya saa kila wiki? Na wewe, mkwe wa watu, ile suruali ya harusi, nitaje nilichokikuta mfukoni?"

"Usitaje, mama," akasema Mkwe upesi.

"Madoa ya kila aliyemo humu nayajua, ukubwa wake na asili yake. Haya. Nikae wapi?"

Akaletewa stuli. Na jeshi lote la vioo likasogea kumpisha.

Mkwe, akiwa bado na jasho la ile suruali, ndiye aliyemfafanulia. "Mama, ile tovuti ya zamani hakuna awezaye kuigusa. Lakini anwani yake ni yetu, karatasi ziko kwenye kopo la biskuti la Katibu. Kwa hiyo tunatafuta mfumo. Mfumo ni kitu unachokiweka kwenye anwani ileile, halafu mtu yeyote, hata asiyejua kompyuta, anaandika tangazo na kulifuta mwenyewe."

"Vizuri. Na miezi kumi na sita mmeshindwa nini?"

Mkwe akatazama sakafu iliyojaa nywele. "Kuchagua."

Hapo Katibu akainuka na kukunjua waraka wake, karatasi nne zilizogundishwa kwa gundi, akasoma masharti arubaini na moja ambayo mfumo wowote ulipaswa kuyatimiza. Sharti la nane, tovuti iwe na saa. Sharti la tisa, saa hiyo iwe na mshale wa sekunde. Sharti la kumi, mshale huo usikwame. Alisoma kwa sauti ya kutangaza vita, naye yule mteja wa upande mmoja akafumba macho.

Ukaletwa kwanza mfumo ulioitwa na Mkwe kwa jina refu la kigeni, ambalo Mama Povu alilikataa papo hapo akauita Jitu. Na kweli ulikuwa jitu! Ulitimiza masharti thelathini na tisa. Ukurasa wake wa kuingilia ulikuwa na vitufe upande wa kushoto, na juu, na chini ya vile vya juu, na kila kitufe kikiguswa kilizaa vingine saba. Kabla ya kuandika neno moja, Jitu likadai lilishwe kwanza masasisho kumi na saba. Kiduara kikaanza kuzunguka. Mwenyekiti akapata muda wa kumnyoa mteja shavu lililobaki, isipokuwa kidevu, na kiduara kikawa bado kinazunguka.

"Hili jitu," akauliza Mama Povu, "kuanika naona litaanika. Tangazo likishakauka, nani ataanua?"

"Mimi nitakuwa nalitunza, mama," akasema Mkwe.

"Na wewe ukihama?"

Kila mmoja alimkumbuka Mpangaji, na godoro lake lililokunjwa vizuri vile.

Mwenyekiti akaona bendera yake imepata nafasi, akasimama juu ya kibao cha kuwekea miguu. "Enyi wajumbe! Kwa nini tuhangaike na majitu? Uleteni ule ninaoupenda mimi, ule mzuri!" Ukaletwa. Mama Povu akauita Tausi. Loo, Tausi ulipendeza! Rangi zilitiririka, picha zilikuja zenyewe, na picha ya Mwenyekiti akiwa na mkasi ilijitokeza kutoka kulia, ikatabasamu, ikaenda zake kushoto, ikarudi. Mwenyekiti aliitazama ikipita mara sita.

"Nimeipenda," akasema Mama Povu, naye alisema kweli. "Sasa nieleze, mwanangu. Haya matangazo yetu yatakaa wapi?"

"Kwao, mama. Wenye mfumo."

"Na siku tukitaka kuhama, tunayabeba?"

Mkwe alikohoa. "Hapana. Yanabaki kwao."

"Yaani nikianika kwenye kamba ya jirani, nguo ni zake?"

"Ndivyo ilivyo, mama."

"Kaka Mwenyekiti, mimi nikifanya hivyo mtanipeleka polisi."

Mwenyekiti akateremka. Picha yake ikapita tena, ikitabasamu, lakini sasa hakuna aliyeitazama isipokuwa mwenyewe, na yeye kwa jicho moja.

Kikao kikawa kizito kama blanketi lililoloweshwa. Saa sita ilikuwa inakaribia. Mama Povu alihesabu kwa vidole: kuloweka, kusugua, kusuuza, kukamua, na mashuka ishirini na nne yakienda kwa watu wenye mashine. Ndipo jicho lake, jicho lile linaloona tone la chai kwenye maua ya kitambaa, likaona kitu chini kabisa kwenye kompyuta ya Mkwe.

"Na hako kadogo hapo chini?"

"Hako?" Mkwe akaona haya. "Hako hata sikutaka kukaonyesha, mama. Ni mfumo mtupu tu. Hauna picha zinazopita, hauna saa. Unatimiza masharti tisa."

"Ufungue."

Ukafunguka papo hapo, bila kiduara. Ukurasa mweupe. Mahali pa kuandika. Kitufe kimoja: Chapisha. Na chini ya mahali pa kuandika, kwa herufi ndogo, swali ambalo Mkwe alilisoma harakaharaka kama mtu anayeruka dimbwi: "Tangazo liondolewe lini?"

Mama Povu akasimama, stuli ikaanguka. "Rudia."

"Tangazo liondolewe lini? Unaandika siku na saa, mama, na ikifika, linajiondoa lenyewe. Halafu kila mtu anapewa ufunguo wake, hata watano, hata kumi. Mmoja akihama, wengine wanabaki. Na matangazo ni yetu, tunaweza kuyabeba."

"Linajianua," akasema Mama Povu kwa sauti ya chini. "Huu ni Kibanio! Kidogo, kinashika, na ukitaka kinaachia."

Naye Katibu, ambaye wote walimtazamia kutetea mshale wake wa sekunde, alikuwa ameuweka waraka chini. Akatoa kile kioo jichoni, akakifuta, akakirudisha, akakitoa tena.

"Ndugu zangu," akanena, "miezi kumi na sita tumemlaumu Mpangaji. Mpangaji aliweka alichopewa. Aliyempa tangazo lile ni mimi. Mimi niliandika 'leo'. Niliandika kama nilivyozoea ubaoni, bila tarehe, nikijua jioni nitapita na kitambaa. Jioni maji yaliporudi nilisimama hapo nje na kitambaa changu, sikujua nifute wapi." Akaonyesha saa mbili alizovaa mkononi. "Mimi fundi saa! Hakuna aliyeniuliza liondoke lini. Hiki kidude ndicho cha kwanza kuniuliza."

Mama Povu alikuwa amekuja na maneno makali kwa ajili ya mwandishi wa tangazo lile, ameyanoa miezi kumi na sita. Akayatazama, akayarudisha ndooni.

"Kaka Katibu," akasema, "doa ukilijua asili yake, limeshatoka nusu. Piga kura."

Mikono ikainuliwa kwa ajili ya Kibanio. Mwenyekiti akaihesabu, akapata sitini na mitano, akatoa ya kwenye vioo, akabaki na mitano. Ndipo ikaonekana kwamba mteja mwenye kidevu cha povu naye amepiga kura, akitumaini kwamba kikao kikiisha atanyolewa. Haikubatilishwa.

Mkwe akakisimamisha Kibanio kwenye anwani ya mtaa. Saa saba kasorobo kazi ilikwisha, na ngome ya Mpangaji, isiyo na mlango, ikaanguka bila kishindo. Lakini Mkwe, kwa heshima iliyomtoka moyoni, na labda kwa kuifikiria ile suruali, alilihamisha tangazo la kale kama lilivyo, jekundu, ili lifutwe na mkono ulioteseka nalo. Akampa Mama Povu ufunguo wake, na simu.

Mama Povu akabonyeza Futa. Simu haikusikia. Akabonyeza tena. Vidole vyake vilikuwa vimekunjamana kwa maji ya miaka, na kioo cha simu hakikuvitambua kuwa vidole. Akavifuta kwa aproni, nayo ilikuwa mbichi. Mwenyekiti akavua kitambaa cheupe cha shingoni mwa mteja, akampa. Akavipangusa kimoja kimoja, kama anavyopangusa vijiko. Akabonyeza.

LEO HAKUNA MAJI likatoweka.

Kelele zilizopigwa humo ziliwatoa watu madukani. Mwenyekiti alizunguka na kiti chake mizunguko mitatu. Katibu akakung'uta kitambaa cha kijani hewani, mara tatu, ingawa hakikuwa na chaki. Na wakati huohuo, kwenye sinki la duka, bomba likakohoa, likatoa upepo, likatema tone moja la kahawia, likanyamaza.

Wakatazamana. Mkwe akatoka mbio, akarudi. "Mafundi wa maji wako barabarani, wamefunga maji, wanatengeneza bomba kuu. Wanasema hadi saa kumi."

"Tovuti ilisema," akanong'ona mteja, "na mmeifuta."

Nani asingekata tamaa hapo? Mama Povu hakukata. Alikaa kwenye stuli, akaweka simu gotini, akaandika kwa kidole kimoja, herufi moja moja, akiuliza m iko wapi: "Jumanne hii hakuna maji, wanatengeneza. Mpaka saa kumi alasiri." Kibanio kikamuuliza, liondolewe lini? Akajaza siku. Akajaza saa. Akachapisha. Hakuomba ruhusa ya kikao.

Saa kumi kamili alikuwa uani kwake, karai nne zimepangwa, mkono mmoja kwenye bomba na mwingine kwenye simu, tayari kuandika upya. Tangazo likajiondoa lenyewe, kimya, kama shuka lililokauka linavyoingia ndani. Bomba lilikuwa bado kavu. Na getini akatokea Msimamizi na rukwama, simu ya bosi bado sikioni, na juu ya rukwama mashuka ishirini na nne.

"Mama! Bosi ameona. Ameona lile la saa kumi, ameona limeondoka. Amesema watu wanaojua saa zao ndio wa kufanya nao kazi. Haya, maji yapo?"

Mama Povu akalitazama bomba. Bomba likamtazama.

"Subiri kidogo, mwanangu," akasema. "Bomba bado halijasoma."

Akasubiri. Katibu na Mwenyekiti na Mkwe walikuwa wamepanga mstari ukutani, na mteja nyuma yao, kidevu bado kina povu. Dakika ya kwanza ikapita. Katibu aliitangaza kwa saa zote mbili. Ya pili ikapita. Katikati ya dakika ya tatu bomba likakohoa, likatikisika hadi kwenye msumari wake, likatoa maji ya kahawia, kisha ya njano, kisha meupe, na maji yakamiminika ndani ya karai ya kwanza kwa kishindo ambacho hakuna ngoma ya ushindi iliyopata kukifikia.

Basi jueni, enyi mliosikiliza hadi hapa, kwamba siku ile mashuka ishirini na nne yalisuuzwa mara mbili, yakajaza kamba sita, na katika kijua cha mwisho yakapepea kama bendera za jeshi lililorudi salama. Na Katibu akaenda kuutoa ule ubao chini ya kitanda, akaupangusa, akaandika juu yake habari yote ya ushindi kwa mwandiko wa kupendeza. Alipomaliza, akarudi hatua mbili, akausoma, akakohoa, akarudi mbele na chaki yake.

Akaandika tarehe.